Ujumbe Ambao Bibi Kalolaine Hakuufikisha

Ndani ya gari la Penisimani kila mtu alikuwa na mahali pake, na mahali hapo hapakubadilishwa ovyo. Penisimani aliendesha, kwa sababu hakuna kiti kingine kilichoweza kumbeba bila kulalamika. Mkewe, Lupe, alikaa kando yake na ramani kwenye simu. Kiti cha nyuma kabisa, kizima, aliachiwa Telesia, dada yake Penisimani, aliyewasili juzi kutoka Uingereza. Na katikati, baina ya kaka na dada, alikaa mama yao, Bibi Kalolaine, wajukuu wawili wamembana huku na huku kama mito.

"Bibi ndiye ukuta wetu," alisema Vika, mdogo, aliyekuwa na miaka sita.

"Ukuta gani unakula biskuti?" aliuliza dada yake, Sefina.

"Ukuta wenye njaa," alijibu Bibi Kalolaine, akachukua nyingine.

Ilikuwa likizo ya Oktoba. Shule zilikuwa zimefungwa, na timu ya raga aliyochezea Penisimani ilikuwa imewapa wachezaji mapumziko ya wikendi moja. Wakaamua kwenda milimani, ule upande wa Pirenei ambako ukivuka kilele unaingia Hispania. Barabara ilijikunja na kujikunjua. Ng'ombe wenye kengele shingoni walisimama kandokando ya njia wakitazama magari kama wazee wanaokagua wageni wa harusi.

Lupe akafungua redio. Mwanamke mmoja akaanza kuimba polepole, kwa sauti ya kubembeleza.

"Sauti nzuri," alisema Bibi Kalolaine. Miaka minne aliyokaa Ufaransa ilikuwa imempa Kifaransa cha kununua mkate na kusalimiana na majirani, si zaidi. "Anaimba nini, mwanangu?"

Sefina, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na ambaye Kifaransa chake kilikuwa cha shuleni kabisa, akajibu bila kuwaza, "Anamwomba mpenzi wake arudi ambusu tena kama usiku ule."

Mkono wa Penisimani, mpana kama sinia, ulitoka kwenye usukani na kuizima redio kwa kishindo, karibu utoke na kitufe. Masikio yake yalikuwa yameiva. Kule nyuma Telesia alikuwa akimkodolea macho ng'ombe mmoja, utasema hajapata kumwona ng'ombe tangu azaliwe.

"Kwani nimesema nini?" aliuliza Sefina.

"Hujasema kitu, mama. Kula biskuti," alisema Bibi Kalolaine, huku akiuma midomo asicheke.

Kwao Tonga, visiwani Pasifiki, kaka na dada wakishabalehe huwekeana heshima ya pekee. Hawasikilizi pamoja mambo ya mapenzi, hawakai pamoja mbele ya sinema, hawataniani, wala hawalali chini ya paa moja. Si kwamba wana ugomvi. Penisimani angempa Telesia figo yake bila kuuliza ni ya nini. Tangu dada yake afike, kila jioni alichukua mto na kwenda kulala kwa mchezaji mwenzake, Mgeorgia mmoja mwenye shingo nene aliyekuwa akimkaribisha kwa supu. Kaka na dada walisalimiana, waliulizana habari za safari na hali ya hewa. Lakini jambo zito likitokea, halikupita moja kwa moja toka kwa huyu kwenda kwa yule. Lilipitia kwa mama.

Na hivi sasa mama alikuwa na jambo zito kifuani, na biskuti zote zile hazikuweza kulishusha.

Telesia alimpa ujumbe huo siku ileile aliyofika, jikoni, kabla hata hajavua koti. "Mama, safari hii naondoka na wewe. Nina chumba, kina dirisha linalotazama bustani. Habari za karatasi nimeshaulizia. Peni amekaa na wewe miaka minne, inatosha, sasa ni zamu yangu. Mwambie."

Kalolaine alikuwa akiosha magimbi. Akasema, "Nitamwambia."

Alijua maana yake. Kwao, dada akitaka kitu, kaka hakatai. Shangazi wa watoto ndiye mkubwa katika nyumba ya kaka yake, awe mdogo kwa umri au mkubwa. Penisimani akiambiwa, atasema sawa. Atasema sawa kwa sauti ileile anayotumia akiumizwa uwanjani na daktari anamuuliza kama anaweza kuendelea. Kisha ataenda kumwambia Lupe, na Lupe atawaambia watoto, na yule Vika ambaye halali bila kushika sikio la bibi yake, ataambiwa nini?

Ndiyo maana hakusema. Si kwamba alikataa kusema. Alikuwa akingojea wakati mzuri, na wakati wenyewe ukawa haufiki.

Mchana walisimama kwenye uwanja wa mapumziko kando ya mto, wenye meza za mbao. Lupe akashusha masufuria. Kulikuwa na kuku, muhogo wa kuchemsha walionunua duka la Mkongo mjini, na nyama ya kopo iliyopikwa kwa tui ndani ya majani ya spinachi, kwa kuwa majani ya magimbi hayapatikani huko. Kwenye meza ya pili walikaa mume na mke wazee wa Kifaransa, kila mmoja na kipande chake cha mkate, wakitafuna polepole. Bibi Kalolaine aliwatazama mara moja, akajaza sahani, akawapelekea.

"Mama, wana chakula chao," alinong'ona Penisimani.

"Kile? Kile ni chakula cha kungojea chakula."

Yule mzee aliinuka, akavua kofia yake, akapokea sahani kwa mikono miwili. Baadaye alikuja kuirudisha ikiwa imefutwa safi kwa mkate, na juu yake kaweka nusu ya jibini yake. Jibini ilinuka kama soksi za chumba cha kubadilishia nguo. Bibi Kalolaine aliishukuru kama aliyepewa dhahabu, akala kipande mbele yake, akameza, na mzee akaondoka amefurahi.

"Bibi, macho yako yanatoka machozi," alisema Vika.

"Ni furaha, mjukuu wangu. Nipe maji upesi."

Telesia alisogea karibu na mama yake wakati wa kufunga masufuria. "Umeshamwambia?"

"Yuko kwenye usukani, mwanangu. Mtu wa usukani hapewi habari."

"Sasa hivi hayuko kwenye usukani, Mama. Anakula kuku."

"Mtu anayekula, ndiyo kabisa."

Telesia akamtazama, akatikisa kichwa. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na mbili, mwenye nywele alizozivuta nyuma kwa nguvu. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliolewa akaachika zamani, hakupata mtoto, na habari hizo hazikuzungumzwa.

Jua lilipoanza kujificha nyuma ya milima walifika kwenye kambi ya wageni. Nyumba aliyokodi Lupe ilikuwa ya bati jeupe, imewekwa juu ya magurudumu yasiyokwenda popote, na mbele ilikuwa na kibaraza na viti vya plastiki. Lupe alikuwa ameichagua mwenyewe. Wiki nzima alijisifu kwamba kapata ya bei nzuri, yenye vyumba viwili, sebule na bafu la maji moto.

Waliingia ndani. Vika alikimbilia chumba cha kwanza, Sefina cha pili.

"Sefina! Wanisikia?" Vika aliita kwa sauti ya kawaida.

"Nakusikia mpaka unavyopumua."

Telesia aligusa ukuta kwa kidole. Ukuta ukanesa kama karatasi. Akaurudisha mkono mfukoni. Penisimani, aliyekuwa mlangoni ameinama kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, akarudi nyuma hatua moja, akatoka nje kabisa, akasimama kwenye nyasi anatazama nyota za kwanza kwa bidii.

Hapo ndipo Lupe alipoelewa. Alishika mdomo.

"Jamani, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi niliona vyumba viwili nikasema basi, vinatosha. Chumba kimoja wanawake, kimoja..." Lupe alizaliwa na kukulia Sydney, mtoto wa pekee, hana kaka. Mila hii aliijua kama mtu anavyomjua mjomba wa mbali: kwa kusimuliwa, na kwa picha. Mjini alikuwa amezoea mumewe kwenda kulala kwa yule Mgeorgia, akaona ni adabu ya siku za wageni tu. Huku mlimani Mgeorgia hayuko. "Wifi, nisamehe. Nimekuletea aibu. Ningejua ningekodi mbili."

Telesia alimtazama wifi yake aliyekuwa karibu kulia, na Bibi Kalolaine alimwona binti yake akichagua maneno. Angeweza kusema neno la kukata. Alikuwa na haki hiyo.

"Wifi," alisema Telesia, "ungejua nyumba nilizolala mimi Uingereza nikitafuta kazi! Hii ina maji moto. Tuanze na chai."

Kalolaine alilihifadhi neno hilo moyoni.

Lupe alikwenda ofisini kuuliza nyumba ya pili. Mama mwenye kambi alifungua mikono: likizo, kumejaa, hata hema hakuna. Lakini aliingia ndani akatoka na mablanketi mawili mazito ya sufu, akayaleta mwenyewe mpaka kibarazani, akakataa malipo.

"Mimi nitalala garini," alisema Penisimani kutoka kwenye nyasi. Hakuwa akimwambia mtu maalumu. "Napenda gari. Gari langu zuri."

"Baba, gari lako linanuka muhogo," alisema Vika.

"Ndiyo maana nalipenda."

Usiku ule Kalolaine alilala na Telesia kitanda kimoja, Vika katikati yao ameshika sikio. Kabla ya kulala Telesia alinong'ona, "Mama. Kesho."

"Kesho," alisema Kalolaine.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na walikwenda ziwani. Njia ilianza vizuri, pana na yenye kokoto, halafu ikawa na mawe. Penisimani, aliyeamka akiwa amepinda kama msumari uliogongwa vibaya, alimbeba Vika mabegani. Mahali penye maji yanayovuka njia alimshusha Vika, akamwachia Lupe, akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Panda."

"Nitakuvunja."

"Mama, Jumamosi zote nasukumwa na wanaume wanane. Panda."

Alipanda. Aliona kisogo cha mwanawe kwa karibu, kile alichokinyoa yeye mwenyewe kwa wembe alipokuwa mtoto, na kovu dogo la ukucha wa jogoo. Sasa mwambie, alijisemea. Mko wawili tu, sikio lake hili hapa. Lakini Penisimani alikuwa akihema na kuhesabu mawe kwa miguu, naye akaona si vizuri kumpa mtu mzigo wa pili kabla hajautua wa kwanza. Ng'ambo alipomshusha, watembeaji watatu waliokuwa wamemtambua Penisimani walikuja kuomba picha. Wakati mzuri ukapita tena.

Kando ya ziwa walitandika mkeka. Upepo ulikuwa baridi, maji ya kijani, na milima imesimama ndani yake kichwa chini. Telesia alianza kugawa chakula. Alikata nyama ya mama yake vipande vidogo sana, akaiweka mbele yake, akachukua leso na kumfuta pembeni mwa mdomo ingawa hakukuwa na kitu. Kisha akamgeukia Sefina akamkatia naye. Akamkatia Lupe.

"Wifi, mimi nina meno," alisema Lupe, akicheka.

Telesia alitazama kisu mkononi, akatazama sahani. "Loo! Ni kazi hii. Mikono inafanya yenyewe." Wote walicheka, naye akacheka. Lakini yeye mwenyewe hakukaa. Alichukua kipande cha muhogo akala huku amesimama, anazunguka mkeka, anaangalia nani amepungukiwa na nini.

"Shangazi, kaa," alisema Sefina.

"Nimezoea hivi, mama. Hata nyumbani kwangu. Nakula pale kwenye sinki, naosha sahani hapohapo, nimemaliza."

"Kila siku?"

"Nikae nimtazame nani?"

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayeeleza bei ya tiketi. Sefina akamshika shangazi yake kidole. Bibi Kalolaine aliacha kutafuna. Alikuwa amempigia simu binti yake kila Jumapili kwa miaka yote hiyo, akamuuliza umekula, naye akajibu nimekula, Mama. Hakuwahi kuuliza umekulaje.

Tangu pale ujumbe ulibadilika uzito. Mpaka saa ile ulikuwa mzigo wa Telesia alioombwa kuubeba. Sasa aliuona pande zote mbili, na pande zote mbili ziliuma. Waliporudi kambini alikuwa kimya kiasi kwamba Lupe alimgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Jumapili asubuhi aliamka kabla ya wote, kama kawaida ya Jumapili. Siku hiyo hawakuwa na matembezi wala michezo. Hata mlimani Jumapili ni Jumapili: sala, nyimbo, chakula na kulala. Alichemsha chai, akaweka maziwa mengi na sukari nyingi, akajifunga mkeka mdogo kiunoni juu ya sketi, kama ilivyo desturi ya kwao, kwa heshima ya siku, akatoka.

Nje kila kitu kilikuwa cheupe. Barafu nyembamba ilikuwa imekaa juu ya nyasi na juu ya viti vya plastiki. Vioo vya gari vilikuwa vimeganda kabisa. Kwenye dirisha moja tu mahali pameyeyuka, umbo la unyayo mkubwa wenye soksi, umekandamizwa kwenye kioo.

Aligonga. Unyayo ukaondoka. Kioo kikashuka kidogo kikilia, na uso wa Penisimani ukatokea ndani ya mablanketi, ndevu zimetimka, pua nyekundu.

"Mama. Baridi hii, rudi ndani."

"Nani anamwambia nani rudi ndani? Kunywa."

Alikuwa akimpa kikombe aliposikia nyasi zikivunjika nyuma yake. Telesia alikuwa ametoka, amejifunika shali, na amesimama katikati ya njia. Alikuwa amekiona kile kioo. Aliiona na alama ya ule unyayo. Kwa kawaida angerudi ndani haraka, kwa maana kaka yake alikuwa bado kitandani, ingawa kitanda chenyewe ni gari. Lakini hakurudi. Aligeuka tu, akalipa gari mgongo, akatazama mlima.

"Mama," alisema kwa sauti ya kusikika. "Hujamwambia."

"Sijamwambia."

"Siku nne, Mama!"

"Najua ni ngapi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu najua atakachosema. Nawe unajua." Bibi Kalolaine aliweka birika juu ya boneti, na barafu ikalia. "Nimewabebea maneno tangu mkiwa shule. Mwambie Peni anipe baiskeli. Mwambie Telesia nimefaulu. Mwambie Peni Baba amefariki. Hilo nililibeba pia. Hili limenishinda. Yeye yuko hapo, wewe uko hapo. Semeni. Mimi nitasimama katikati kama kawaida, lakini mdomo wangu naufunga."

Akaufunga kweli, akakunja na mikono.

Telesia alivuta shali mabegani. Pumzi yake ilitoka kama moshi. "Mama," alisema hatimaye kwa ule mlima, "mwambie kaka yangu kwamba nataka uje ukae na mimi."

Ndani ya gari mablanketi hayakusogea. Kisha sauti ikatoka kwenye ufa wa dirisha, nzito, ya chini.

"Mama, mwambie dada, sawa."

"Mwambie asiseme sawa kwa sababu ni mimi."

"Mwambie kwani kuna sababu nyingine?" Mablanketi yakasogea. "Mwambie, anachotaka ni chake. Sina neno. Ila... mwambie dawa ya presha Mama anakunywa asubuhi kabla ya chai, akimpa baada ya chai anaificha kwenye kijiko. Na mguu wa kushoto unavimba akikaa sana. Na akisema ameshakula, asimwamini, aangalie sahani."

"Mwambie natunza wazee, najua."

"Mwambie najua anajua. Nasema tu." Akanywa funda la chai. "Na mwambie akipiga chafya mara nyingi, ni maua, si mafua. Anamtisha Lupe kila mwaka."

Telesia aliinua shali mpaka machoni. Bibi Kalolaine aliwatazama, mmoja mgongo, mwingine pua kwenye ufa wa kioo, na nadhiri yake ya kufunga mdomo ikamshinda.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Mnapokezana mimi kama mkeka wa harusini! Huyu anatoa, huyu anapokea, unakunjwa, unafunguliwa. Nani kaniuliza mimi?"

Kweli, hakuna aliyemuuliza.

"Mama," alisema Telesia, bado hajageuka. "Wewe unataka nini?"

Kalolaine alifungua mdomo na kukuta jibu limeshajipanga mwenyewe, pengine tangu jana kando ya lile ziwa. "Nataka kwenda na wewe," alisema. Gari likatoa mlio mdogo, kama kiti kilichokaliwa ghafla. "Peni, tulia, sijamaliza. Nakwenda na dada yako kwa sababu jana nimejua kwamba mwanangu anakula amesimama kama farasi. Si kwa sababu kasema. Nitaweka viti viwili pale jikoni kwake, na nitakaa kimoja. Baridi ikiisha nitarudi hapa, na yeye ndiye atakayenileta, na atakaa likizo yake yote. Baridi ikirudi tutaona. Na ninyi mtakuja huko kila shule zikifungwa."

"Kwa gari hili?" ilisema sauti ya dirishani.

"Kwa gari hilohilo. Na ulale humohumo."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Hawakujua umekuwa wazi tangu saa ngapi. Lupe alikuwa amesimama hapo na Sefina, na mbele yao Vika, miguu mitupu, nywele zimesimama. Macho ya Lupe yalikuwa mekundu lakini alimwitikia mama mkwe wake kwa kichwa taratibu, na Kalolaine akajua kwamba jikoni mwa Lupe hakuna atakayemlaumu.

Vika alishuka ngazi. Hakwenda kwa bibi yake. Alipita moja kwa moja juu ya nyasi zenye barafu, akasimama mbele ya Telesia, akainua uso.

"Shangazi, unamchukua Bibi wetu?"

Telesia alichuchumaa, akamwinua akamweka juu ya goti, akamfunika miguu kwa shali. "Namwazima."

"Utamrudisha lini?"

"Maua yakianza kutoka."

"Ya kwenu au ya kwetu?"

"Yatakayotangulia."

Vika alifikiri. "Ukichelewa, nitamtuma Baba aje kumchukua."

"Baba yako hawezi kunikatalia mimi. Mimi ni dada yake."

"Najua," alisema Vika. "Ndiyo maana nitakuja mwenyewe. Mimi nitakukatalia."

Lupe alishika kichwa. "Vika! Unamwambia hivyo shangazi yako?" Kwao, hilo ni neno ambalo mtoto hamwambii shangazi, si kwa utani, si kwa ugonjwa. Sefina alifunika uso kwa mikono.

Lakini Telesia alikuwa amelegea. Kwanza alikohoa, kisha akacheka, kicheko kikubwa cha tumboni ambacho mama yake hakuwa amekisikia tangu binti huyo avae sare za shule, mpaka akakaa chini kwenye barafu na mtoto mikononi. Na ndani ya gari, nyuma ya vioo vyeupe, Penisimani naye alishikwa na kicheko. Alijaribu kujizuia, kwa heshima. Alijifunika blanketi. Haikusaidia. Gari lote lilianza kutikisika juu ya magurudumu yake, barafu ikadondoka kutoka kwenye paa vipande vipande, na Bibi Kalolaine akadaka birika kabla halijaanguka.

Alisimama pale, birika linamwunguza vidole, wanawe wanacheka kwa jambo moja, kila mmoja upande wake.

"Haya," alisema alipoweza kusema. "Ingieni ndani tusali. Peni, wewe salia humohumo, tutaimba kwa nguvu."